Maswali ya Saa Nne na Nusu

Kila siku ya kazi, ikigonga saa nne asubuhi, watu wanne wa chumba cha kompyuta waliacha walichokuwa wakikifanya, wakavuta viti kuizunguka meza ya majaribio, wakamimina chai na kuanza kuusema ulimwengu. Umbea wa watu waliwaachia wa ghorofa ya pili. Wao walizisema simu mpya zilizotoka wiki ile, programu zilizosasishwa zikaharibu zaidi ya zilivyotengeneza, na makampuni makubwa ya mbali yaliyoibiwa taarifa za wateja kisha yakaandika barua ndefu ya kuomba radhi ambayo, hata uikamue vipi, haitoi tone la radhi. Sheria ilikuwa moja: kila mtu aje na habari yake. Aliyekuja mikono mitupu aliosha vikombe.

Profesa, mwandishi wa programu za ofisi, aliitwa hivyo kwa sababu maishani mwake hakuwahi kulijibu swali kwa ndiyo wala hapana. Nyaya, msimamizi wa mtandao, alikuwa mrefu na mwembamba kiasi kwamba jina lilimfuata lenyewe. Daktari alitibu simu na kompyuta za jengo zima, na dawa yake ya kwanza kwa kila mgonjwa ilikuwa kuzima na kuwasha. Wa nne alikuwa mwanamke pekee pale, mkuu wa usalama wa mifumo, na huyo walimwita Bi Nywila kwa jinsi alivyokosa simile na maneno ya siri ya watu. Alipita mezani kwa wafanyakazi akibandua vikaratasi walivyoandikia nywila zao, akavichana mbele ya wenyewe bila kupepesa macho. Mkurugenzi naye alishaonjeshwa.

Chini ya meza ile kulikuwa na kompyuta kubwa ya zamani ya kufanyia majaribio, isiyo na kioo wala kibodi, ambayo haikuzimwa mwaka mzima. Ilitoa joto. Na kwa kuwa kiyoyozi cha chumba kiliwekwa kwa ajili ya afya ya mashine na si ya binadamu, wote wanne walizoea kuvua viatu wakati wa chai na kuiegemezea nyayo. Waliiita Jiko. Bi Nywila, ambaye miguu yake ilikuwa baridi tangu utotoni, alikuwa na sehemu yake maalumu, ubavuni, na ole wake atakayemwingilia.

Alhamisi moja Bi Nywila alikaa kitako na kikombe chake bila kuleta habari yoyote. Wenzake walijua kwa nini, wakamwacha. Jumamosi, yaani keshokutwa, kaka yake alikuwa anakuja na gari kumchukua baba yao, kumhamishia kwake, mwendo wa siku nzima. Nyumba ya baba ingepangishwa.

Baba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na minne, mtu wa tarehe na mihuri, na tangu mkewe afariki aliishi peke yake kwa utaratibu uliowashinda vijana. Sasa walisema akili imeanza kumtoka. Na aliyejiponza kwa kauli yake alikuwa yeye mwenyewe. Mwezi uliopita walimpeleka kwa daktari wa wazee, na daktari akamuuliza kwa upole, "Mzee, siku zako zinapitaje? Unaongea na nani?"

"Na binti yangu," akajibu Baba, akimwonyesha kwa kidevu. "Kila siku, saa nne na nusu asubuhi. Anaongea kutoka pale rafuni."

Bi Nywila aliona aibu. Alimwambia mbele ya daktari, "Baba, mimi saa hizo niko kazini. Sikupigii asubuhi." Na Baba alimgeukia kwa macho ambayo mpaka leo hajayasahau, macho ya mtu aliyekanwa na mwanawe mbele za watu. Yule daktari wa wazee aliandika mistari mitatu kwenye faili, Kaka akaisoma, na shauri likakatwa. Baba tu ndiye aliyekataa. Haondoki, alisema, na akazificha funguo za nyumba.

"Haya, zamu yangu," alisema Daktari pale mezani, akivuta simu yake. "Nina habari tamu. Mnazijua zile kamera ndogo za ndani, za bei rahisi, zenye spika? Nyeupe, kama kikombe cha yai?"

"Nani asiyezijua," alisema Nyaya. "Kila shangazi anayo."

"Basi zimetoboka. Mtu akiwa na nywila ya kamera, anaingia, anaona, anasikia, tena anaongea, na mwenye kamera hapati taarifa yoyote. Kampuni inasema kosa si lao, ni la watu kuacha nywila rahisi. Kuna familia moja mtoto wao alikuwa anasema kila siku kuna mjomba ukutani. Wakamtandika kwa uongo. Kumbe mjomba yupo!"

Profesa alicheka mpaka akapaliwa. Nyaya akasema hiyo ndiyo sababu nyumbani kwake kifaa chenye akili kuliko vyote ni pasi. Walikuwa wanaendelea na utani wao walipogundua kwamba Bi Nywila ameweka kikombe chini na rangi imemtoka usoni.

"Mjomba ukutani," alisema taratibu.

"Vipi tena?"

"Baba anayo hiyo kamera. Nilimwekea mimi."

Nyaya ndiye aliyekumbuka, na alipokumbuka alitamani asingekumbuka. "Si ndiyo ile uliyoileta hapa mezani? Mwezi wa... ile tuliyoichezea?"

Ndiyo hiyo hiyo. Ulikuwa utaratibu wao: kifaa kipya, kiwe cha ofisi au cha nyumbani, kwanza huletwa mezani, hupewa nywila ya meza ambayo wote wanne waliijua, kila mmoja akakijaribu apendavyo, halafu kabla hakijatoka hufutwa kabisa na kupewa nywila yake. Kanuni hiyo aliiandika Bi Nywila mwenyewe na kuibandika ukutani kwa herufi nyekundu. Ila siku ile Kaka alimpigia simu kwamba jirani ameona moshi jikoni kwa Baba, ameunguza sufuria. Akaibeba kamera ilivyo, akakimbia. Nitaifuta kesho, alijiambia. Kesho ilikuwa na mambo yake.

"Hukuifuta," alisema Profesa. Ndiyo mara ya kwanza watu kumsikia akisema sentensi fupi.

Bi Nywila alikuwa ameshafungua simu. Programu ya kamera ile alikuwa akiitumia kwa namna moja tu: saa moja asubuhi, kabla ya kuingia ofisini, aliitazama picha bila sauti, akaona kiti, akaona Baba kitini, akaona kifua kinapanda na kushuka, akafunga. Sekunde kumi, na siku ya haraka sekunde tano. Aliyaita hayo kumwangalia baba yake. Sasa, kwa mara ya kwanza, alibonyeza mahali palipoandikwa orodha ya walioingia.

Kulikuwa na wawili. Wa kwanza alikuwa yeye, na sekunde zake. Wa pili aliandikwa kwa jina la meza yao ya majaribio. Huyo aliingia kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, saa nne na nusu kamili, akakaa dakika arobaini, hamsini, siku nyingine saa nzima. Pembeni mwa kila safu kulikuwa na alama ndogo ya mdomo, maana yake aliongea. Siku mia moja na hamsini.

"Nani kati yenu?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na woga.

"Wewe, tuheshimiane," alisema Daktari. "Saa nne na nusu sote si huwa tuko hapa hapa? Unatuona."

Ilikuwa kweli, na huo ukweli haukumtuliza mtu. Nyaya alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na nane.

Bi Nywila aliiegemeza simu kwenye birika, akafungua picha, na safari hii akafungua na sauti. Sebule ya Baba ikatokea. Kiti hakikuwa mahali pake pa siku zote karibu na dirisha. Kilikuwa kimevutwa hadi mbele ya rafu, kikiikabili kamera. Baba alikuwa amekikalia wima. Amechana nywele. Amevaa shati lake jeupe la kazini, lililofungwa vifungo mpaka juu, na mikono ameiweka magotini. Alikuwa anasubiri. Bi Nywila alipokwenda kumtembelea, mara moja kwa mwezi, Baba alimpokea akiwa na fulana tu.

Saa nne na nusu.

"Shikamoo Baba," ilisema simu.

Ilikuwa sauti yake. Si sauti inayofanana na yake. Yake hasa, na kale kamkwaruzo ka asubuhi, na namna yake ya kulivuta neno Baba. Wanaume watatu wakamgeukia kwa pamoja, wakamwangalia mdomo. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

"Marahaba, mama," alijibu Baba, na uso wake wote ukafunguka. "Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Mimi nataka kusikia habari zako. Jana tuliishia ulipohamishiwa kituo kipya, na Mama akakuta nyumba haina mlango."

"Eeh!" Baba alipiga goti lake. "Haina mlango! Sasa sikiliza."

Na akaanza kusimulia. Sauti ile ilimsikiliza. Iliguna panapostahili, ikasema "enhe," ikasema "usiniambie," na mara moja ikacheka, kicheko cha chini chini ambacho Bi Nywila alikijua ni chake ingawa hakukumbuka lini mara ya mwisho alikitoa. Kisha ikauliza, bila haraka yoyote, "Na mlango ulipopatikana, Mama aliutaka wa rangi gani?"

"Bluu," alisema Baba. Akatoa leso. "Bluu, mwanangu. Hujawahi kuniuliza hilo."

Bi Nywila hakuweza tena. Alibonyeza kitufe cha kuongea. "Baba! Baba, ni mimi. Usimjibu huyo!"

Kwenye picha, Baba alishtuka, akarudi nyuma kitini. Alitazama huku na huku, akakunja uso. "Nani huyo anayetuingilia?"

"Usimjali, Baba," ilisema ile sauti nyingine, kwa utulivu. "Tuendelee. Tulikuwa kwenye mlango."

Daktari alisimama ghafla, kiti kikaanguka, na, mtu mzima wa miaka yake, akakimbilia penye mwanga wa taa kama mtoto anayeogopa giza. Nyaya, afadhali yeye, alikuwa ameshafungua kompyuta yake na vidole vinakwenda mbio. Alikuwa anaifuata ile sauti inakotoka, kituo kwa kituo. Alifika mwisho. Alirudia tena mwanzo, akafika pale pale.

"Inatoka kwenye jengo hili," alisema.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Hii."

"Chumba gani?"

Nyaya aliiondoa miguu yake polepole kutoka chini ya meza. Wenzake wakaelewa, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaondoa yake. Bi Nywila alikuwa wa mwisho. Nyayo zake zilikuwa bado zina joto la ubavu wa Jiko.

Profesa aliketi akashika kichwa. Ilimbidi aeleze, na safari hii alieleza bila kuzunguka. Walikumbuka lile zoezi la usalama, miezi mitano iliyopita? Lilikuwa wazo la Bi Nywila mwenyewe. Wafanyakazi walikuwa wanatoa siri zao ovyo kwa simu za matapeli, naye akataka wafundishwe kwa vitendo: wapigiwe simu na tapeli wa bandia, waone wanavyoanguka. Profesa akaitengeneza programu ya akili bandia, akairekodia sauti ya Bi Nywila, dakika moja tu, ili iiige, kwa sababu kila mfanyakazi aliijua na kuiogopa, akaiweka ndani ya Jiko. Akaiambia itafute kila kifaa chenye maikrofoni na spika kinachofunguka kwa nywila ya meza. Iwe inaanza saa nne na nusu, watu wakiwa na chai mkononi, maana hapo ndipo hulegea. Ikimpata mtu, imsalimie, imzoee, imuulize maswali.

"Maswali gani?" aliuliza Bi Nywila, ingawa alikuwa anajua. Aliyaandika pamoja naye.

Ni yale ambayo benki na mitandao hukuuliza ukisahau nywila, na ndiyo matapeli huyawinda. Ulisoma shule gani ya kwanza? Rafiki yako wa utotoni aliitwa nani? Mwenzi wako mlikutana wapi? Ulizaliwa mtaa gani? Mwalimu uliyempenda ni yupi? Jumla maswali kumi na mawili, na agizo moja chini yake: usikate tamaa, usionyeshe haraka, endelea hadi mwenyewe atakapochoka.

Zoezi lilidumu wiki moja. Simu za wafanyakazi zikaondolewa, ripoti ikasomwa, watu wakacheka, mambo yakaisha. Ila ratiba ndani ya Jiko hakuna aliyeizima, na nje ya jengo, rafuni kwa mzee mmoja, kulibaki kifaa kimoja chenye nywila ya meza. Jiko lilimpigia siku ya kwanza. Mzee hakuchoka.

"Ripoti zake zilikuwa zinakwenda wapi?" aliuliza Nyaya.

"Kuna sanduku la barua pepe. Hakuna anayelifungua." Profesa aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Lakini sikilizeni. Maswali yangu ni kumi na mawili. La rangi ya mlango halimo. Sijawahi kuiandikia hilo."

Chini ya meza feni ya Jiko ilikuwa inavuma, na kwenye simu Baba alikuwa amefika mahali pa kunong'ona, ameinamia kamera, anasema jambo ambalo hawakulisikia vizuri. "Enhe," ilisema sauti ya Bi Nywila. "Usiogope, Baba. Sema tu, mimi niko..."

Bi Nywila alipiga magoti akaushika waya wa umeme na kuung'oa. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Kwenye picha Baba alibaki ameinama vile vile, akisubiri neno limalizike. Alisubiri kwa muda mrefu. Bi Nywila kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kuongea na hakuthubutu kukibonyeza, kwa sababu hakujua aseme nini ambacho kisingemtisha mzee wake kwa mara ya pili.

Aliyofanya baada ya hapo aliyafanya kama mtu wa kazi, na kwa kweli alijisikia nafuu kuwa na la kufanya. Alibadilisha nywila ya kamera. Alilifungua kasha la Jiko, akaitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Mazungumzo yote yalikuwemo, yamepangwa kwa tarehe, yameandikwa neno kwa neno. Alilifuta sanduku la ripoti, akageukia diski.

"Hutaki hata kusoma?" aliuliza Profesa.

"Ni siri za mtu zilizochukuliwa kwa ulaghai. Hazikupaswa kuwepo hata dakika moja." Na akazifuta kwa namna alivyowafundisha wote, si kufuta kwa juu juu, bali kuandikia juu yake mara tatu, mpaka hata fundi wa mafundi asingeokota herufi moja. Alipomaliza alipumua. Kisha alichukua ufunguo wa gari lake, akaaga, na kuondoka. Barabarani moyo ulianza kumwimbia, mwanzo kidogo, halafu kwa nguvu. Baba haumwi! Baba hakuwahi kuumwa. Kila alichokisema kwa daktari kilikuwa kweli tupu, na Jumamosi hakuna gari litakalokuja.

Alimkuta sebuleni, amesimama mbele ya rafu, anaipangusa kamera kwa leso.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Ulikatika," alisema bila kugeuka. "Nilikuwa nafika penyewe. Na kuna mwanamke aliingilia, sauti kali. Nani yule?"

"Ni mimi, Baba."

Baba aligeuka. Alimwangalia, akaiangalia kamera, akamwangalia tena. Kisha alienda kukaa kwenye kiti, akamwonyesha stuli, na kumsikiliza alivyosikiliza mashahidi kwa miaka thelathini na minne, bila kumkatiza. Bi Nywila hakuficha kitu. Alisema kuhusu meza, nywila, zoezi, Jiko, maswali. Alisema, "Nilikukana mbele ya daktari, nawe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe."

"Ilianza tarehe ngapi?" aliuliza Baba.

"Kama miezi mitano, Baba. Sikumbuki tarehe."

"Tarehe sita. Jumatatu. Mvua ilikuwa inanyesha, na aliniuliza shule yangu ya kwanza." Akatikisa kichwa. "Nikajisemea, leo mwanangu amenikumbuka."

Bi Nywila alimpigia Kaka pale pale, akaweka sauti ya wazi ili Baba asikie. Kaka mwanzo hakuamini, akafoka, akauliza mara mbili kama haya si mambo ya kumtetea mzee. Mwishowe akashusha pumzi. "Kwa hiyo Baba hana tatizo."

"Hana. Tatizo lilikuwa langu."

"Basi siji. Baba, unanisikia? Nyumba ni yako, kaa utakavyo. Nisamehe na mimi."

"Nimekusikia," alisema Baba.

Simu ikakatwa. Bi Nywila alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Baba aliikunja leso, pembe kwa pembe, na alipomaliza aliuliza kwa sauti ya ofisini, "Hayo niliyoyasema, yaliandikwa?"

"Yote, Baba. Neno kwa neno."

Kwa mara ya kwanza tangu binti yake aingie, uso wa mzee uling'ara. Maisha yake yote aliandika majibu ya watu wengine, akayapiga mihuri, akayaweka kwenye makabati. Ya kwake hakuna aliyewahi kuyaandika. "Niletee niyasome," alisema. "Nitahakiki. Kuna mahali nimekosea mwaka."

Tabasamu la Bi Nywila likaganda. "Nimeyafuta, Baba."

"Nakala?"

"Hakuna."

"Hata nakala moja?"

"Ilikuwa kwa usalama wako. Yasije yakaangukia mikononi mwa mtu."

Baba aliiweka leso mfukoni. Ikamponyoka, akaiokota, akaiweka tena. "Mama yako alikuwamo humo," alisema. "Kuanzia siku niliyomwona. Vitu ambavyo hata yeye sikuwahi kumwambia. Leo ndiyo nilikuwa nafika ile asubuhi alipoondoka."

Bi Nywila alishuka kwenye stuli akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili. "Niambie mimi, Baba. Nipo. Sitakatika. Mlikutana wapi wewe na Mama?"

Baba alifungua mdomo. Bi Nywila alimwona akitafuta pa kuanzia, akaona jicho lake likiuacha uso wa binti na kukimbilia rafuni, kisha likarudi, likamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyekuja mbali kwa mguu akakuta watu wameshahama. Akaufumba mdomo.

"Unajua kwa nini nilizificha funguo?" alisema hatimaye. "Niliogopa nikihama usijue pa kunipata asubuhi."

Aliichomoa mikono yake taratibu kutoka kwa binti yake, akainuka, akaenda chumbani. Droo ilisikika ikivutwa. Aliporudi alikuwa amezishika funguo za nyumba, akamwekea binti yake kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mpigie tena kaka yako," alisema. "Mwambie Jumamosi aje, tena aje na gari kubwa. Kitanda cha mama yako sikiachi."